Langoni

Kanuni ya ligi ni mstari mmoja:
mgeni apewe kumi katika mia.
Haikusema mia ya nini.

Mwenyekiti wetu, Mwaringa, alihesabu mabenchi.
Mabenchi ishirini, kila benchi watu ishirini,
mia nne; kumi katika mia, arubaini.
Akafunga kalamu. Mimi nikachukua muhuri.

Wa Langoni, kule Lamu, walihesabu ukuta:
wanaokaa juu yake wakining'iniza miguu,
wanaosimama upande wa Sidi muuza viazi,
na wale wa kwenye mwarobaini, maana nao hulipa,
huwatoza mimi mwenyewe, hamsini hamsini.
Wakapata elfu moja na mia mbili.
Tupeni mia na ishirini, waliandika,
mwandiko wa madrasa, wino wa buluu,
sahihi ya mweka hazina: Mwanajabu Famau.

Nilijua wana haki. Niseme mapema
nisije nikaonekana mwema huko mwisho.
Nilijua, nikagonga muhuri mara arubaini
(siku za mwizi, nilijitania, peke yangu ofisini)
karatasi za kijani, nambari kwa kalamu ya risasi,
nikampa dereva wa basi la Mokowe,
akazitia kwenye dashibodi, pamoja na ndimu.

Sisi Malindi tuna maneno matamu:
mgeni njoo, mwenyeji apone.
Njoo, basi. Ila njoo ukiwa arubaini.
Na kuku mgeni hakosi kamba mguuni:
tuliwafunga utepe wa manjano mkononi,
polisi wawili nyuma yao, kona ya jua.

Walikuja mia na kumi na saba.
Waliamka na giza, boti mpaka Mokowe,
Witu washuke, Gamba washuke,
Minjila vitambulisho tena.
Arubaini wakaingia. Nasikia
walipiga kura ndani ya basi, kwa njiti za kiberiti,
na baada ya hapo hakuna aliyeimba.

Golikipa wao ni Shebwana.
Mwanajabu ndiye mamake,
na ndiye aliyeshika njiti.
Mwenye kushika hachomoi.

Alinijia mlangoni, buibui limeiva vumbi.
Hakuomba. Aliuliza kama anayeuliza bei:
"Wa Langoni yu langoni, na mamake yu langoni.
Mwanangu yu ndani, mimi ni nde.
Hesabu gani hiyo, bwana?"

Mfuko wa shati, wa kushoto,
ulikuwa na tikiti mbili za wakwe wa mwenyekiti.
Nilizisikia kila nilipovuta pumzi.
Nikasema: Mama, zimekwisha.

Basi alisimama kando ya mabati
akaisikiliza mechi
kama unavyosikiliza jirani wakigombana,
neno hili unalipata, lile linakupita.
Dakika ya sabini uwanja ulilipuka.
Akageuka kwangu. "Ni wao au ni sisi?"
Nikasema: Ni sisi.
Nikaona amenielewa vibaya, uso umemfunguka,
ikabidi niseme tena:
Sisi, mama. Sisi wa hapa.

Wakwe hawakuja.
Nafasi mbili, benchi la mbele,
zilikaa na jua lao mpaka filimbi ya mwisho,
na wale arubaini, toka konani kwao,
walikuwa wakizitazama.

Jana barua imefika. Marudiano ni Jumamosi, Lamu.
Wino ule ule. Salamu, heri,
wazee hawajambo, vipi mvua huko?
Kisha: kiwanja chetu hakina benchi hata moja,
na kwa hesabu yenu kumi katika mia ya mabenchi
hapa kwetu ni sufuri.
Lakini mgeni ni mgeni. Tumewatengea arubaini.

Na chini kabisa, kwa herufi ndogo,
kama mtu anayerudisha chenji:
kasoro mbili.

Mwenyekiti ameisoma mara tatu.
Kwa nini mbili, ananiuliza, mbona mbili?
Nimemwambia sijui.